Kibao ya Mwewe

Hapana, hata kuku moja sikuiba. Naanza na hiyo kwa sababu nawajua nyinyi wasichana wa soko ya Sosiot. Nikimaliza kuongea, mmoja atamnong'onezea mwingine, "Lakini bibi Kogo alikula ile kuku ama hakukula?" Sikukula. Kuku yenyewe nitawaambia ilikuwa wapi. Tulieni kwanza. Na wewe Chelang'at, andika vile nasema, usinitengenezee Kiswahili. Mimi darasa sijawahi kuingia hata kukimbia mvua. Nikitoka kwa hiyo kitabu nikiongea kama mwalimu, watu watajua ni uongo.

Kazi nimewacha mwezi uliopita. Goti yangu ndiyo iliandika barua ya kustaafu, mimi niliweka kidole tu. Mambo ya pesa sitaongea. Ile nilipata watoto walikula ikaisha, na watoto wakamaliza shule wakaanza kuniambia vile natembea vibaya. Nitawaambia kazi yenyewe, juu naona vile mnafunga mizigo siku hizi na naumwa na macho.

Nilianza miaka ya tisini, mwanzo mwanzo. Bwana yangu alikuwa na ndugu watano na kashamba kamoja ka chai. Mkigawana, kila mtu anapata mahali ya kusimama, kulala utaenda kulala kwingine. Sasa siku moja niko soko ya Kericho mjini nimeshika beseni, naigeuza, sina haraka, sina pesa pia. Mama mmoja Mkikuyu, mfupi, kitambaa imefungwa mpaka kwa nyusi, ananiangalia. Akaniambia, "Wewe mama, hiyo mbeseni unaisarimia ama unainunua?" Nikamwambia naisalimia. Akacheka. Akashika shingo yangu hapa nyuma, kama mtu ananunua ng'ombe. "Shingo iko," akasema. "Kesho kuja mapema."

Huyo alikuwa Wairimu. Ndiye alinifundisha kazi yote, na watoto wangu alikuwa anawajua kwa majina kuliko shangazi zao. Kazi ilikuwa mali kwa mali. Unabeba beseni, jagi na sufuria mpaka kwa mlango ya mtu. Yeye anakupa nguo mzee, wewe unampa chombo mpya. Hizo nguo unapeleka soko, zinauzwa, unanunua vyombo vingine, unarudi barabarani. Ukiangalia vizuri ni kuzunguka tu, lakini hata jua inazunguka na hakuna mtu anaiambia itafute kazi.

Siku ya kwanza Wairimu alinifungia mzigo. Beseni kubwa chini, ndogo ndani yake, sufuria ndani ya hizo, na juu gunia ya kuweka nguo. Kamba inapita kwa kipaji cha uso, mzigo unakaa mgongoni, unainama mbele. Mimi nilikuwa naweka kitambaa katikati ya sufuria zisigongane. Wairimu akakitoa akakitupa. "Unanyamazisha duka?" Akanieleza: sufuria ikilia, mbwa inakuja. Mbwa ikibweka, mwenye nyumba anatoka. Mwenye nyumba akitoka, sasa umefungua duka.

Kuita watu ilinishinda. Nilikuwa naona aibu. Nilisema "mali kwa mali" kidogo kidogo, kama mtu anaomba msamaha. Wairimu akasimama katikati ya barabara. "Mama Chebet, unaita watu ama unaita usingizi?" Ndipo nikaita kwa sauti ile mnaijua, na fundi mmoja wa baisikeli akaangusha spana.

Shikeni hii pia. Nguo haiangaliwi kola. Kola inadanganya, kama mtu amevaa tai. Nguo inaangaliwa kwapa na matako, hapo ndipo inakufa. Inua juu kwa jua, ingiza mkono ndani, fungua vidole. Ukihesabu vidole vyako kutoka nje, rudisha nguo kwa mwenyewe na umsalimie. Beseni nayo ibonyeze chini na kidole gumba. Ikifanya mstari mweupe, hiyo haifiki Krismasi, na mama mwenye ameichukua atakungoja kwa njia mpaka Krismasi ingine.

Sasa tukafika geti.

Mnajua ile kampuni ya chai, sitaitaja. Ndani kulikuwa na nyumba za wavunaji, laini baada ya laini, watu wengi wenye nguo na hawana beseni. Ukifika wakati wanatoka kupima majani, kila mlango uko wazi, kila mama yuko nje anaosha miguu. Ile geti ndiyo ilikuwa shamba yangu. Wengine walirithi chai, mimi niliokota geti.

Na kwa geti kulikuwa na kibao nyeupe imeandikwa Kizungu na rangi nyeusi. Chini ya kibao alikuwa Arap Rono, askari, mtu wa Silibwet, koti mpaka kwa magoti, na manati ya mpira shingoni kama rosari. Kila asubuhi alikuwa anakohoa mpaka chai inainama. Akatusimamisha.

"Simama hapo! Mnapepa nini?"

Mimi nacheka mdomo yake na yangu ni hiyo hiyo, sisi wote ni Wakipsigis, lakini yake ilikuwa imeenda mbele. Tukamwambia tunabeba vyombo. Akatikisa kichwa, akaonyesha kibao. "Someni kwansa."

Wairimu akaangalia kibao. Mimi nikaangalia kibao. Halafu tukaangaliana. Nikamwambia, "Arap Rono, leo macho yetu imechoka. Tusomee wewe."

Arap Rono alikuwa amefika darasa la tatu, na hiyo darasa la tatu alikuwa anatembea nayo kama fimbo. Akakohoa. "Imeandikwa: hapana mwewe."

Akatueleza, na alieleza vizuri sana. Nyumba ya meneja iko hapo karibu, na mke wa meneja alikuwa na kuku weupe, wazuri, wanene, na mwewe walikuwa wanazichukua. Sasa kampuni imeweka sheria. Akaenda akaguza kibao na fimbo. "Ona. Hii ya mviringo ni yai. Hii ni keti, na mti katikati yake. Hii ni mapawa, inaruka. Na hii ya mwisho ni nyoka, hata yeye asiingie." Neno yenyewe alikuwa ameiona shuleni, kwa kitabu, na picha ya ndege kando yake. "Hii mkia ya nyuma ni kuonyesha mwewe ni wengi."

Nikamuuliza, "Na mwewe anajua kusoma?"

"Ntiyo maana nimewekwa mimi," akasema, akavuta manati.

Ningenyamaza hapo tungepita. Lakini nyinyi mnajua mdomo yangu. Nikamwambia, "Basi mimi utanifukuza. Ukoo wetu mnyama wake ni mwewe." Na ni kweli, si mzaha. Kila ukoo kwetu ina mnyama wake, na yetu ni huyo. Hatumpigi mawe, hatumtukani.

Arap Rono akashtuka. Akaangalia kibao, akaniangalia mimi, akaangalia juu mbinguni. Ni mtu alikuwa anapenda sheria kuliko chakula. Akafikiri mpaka Wairimu akaweka mzigo chini. Halafu akakata kesi: Mkikuyu aingie tu. Mimi naingia, lakini nikitoka lazima nipindue kila beseni, kila sufuria, aangalie kama kuna manyoya.

Hivyo ndivyo tuliingia. Miaka saba, wasichana, nikitoka ile geti nilikuwa napindua beseni. Askari amesimama chini ya kibao inasema tusiingie, na anatufungulia na heshima. Na akiona mwewe juu anavuta manati, mimi napiga kelele, "Weei, huyo ni mjomba yangu!" Anakasirika, mpira unateleza, mwewe anaenda zake. Sijui kama aliwahi kupiga hata moja. Nafikiri hapana, juu nilikuwa na wajomba wengi.

Ndani kulikuwa na kesi zake. Ile ngumu sana ilikuwa ya koti. Mama mmoja, bwana yake alikuwa Mjaluo mvunaji hodari, alinipa koti nyeusi nzito akachukua sufuria kubwa. Nilifurahi mpaka nikaimba. Kesho yake bwana ameningoja kwa njia. "Mama, hiyo koti ni ya baba yangu! Baba alivaa hiyo koti mpaka siku alikufa, tukamzika bila koti ndiyo ibaki kwangu! Leta, tafadhali, nitakuwa mtu gani?" Alikuwa karibu kulia, mtu mkubwa hivyo. Koti bado nilikuwa nayo. Nikampa, na akarudisha sufuria na ugali imekaukia chini. Tangu hiyo siku nguo ya mwanaume nauliza kwanza: yeye anajua? Mama akijibu haraka sana, sichukui.

Kumbe wakati hiyo yote hatukujua sisi ni nani.

Nilijua siku tuko mjini. Askari wa kanjo, wale wa baraza ya mji, walikuja na lori, wanapiga kelele, "Mahoka! Mahoka wote hapa!" Watu wakakimbia. Mimi nikasimama, nafikiri hoka labda ni wezi, wacha washikwe. Msichana wa ndizi akanivuta nguo. "Mama, kimbia!" Nikamuuliza hoka ni nani. "Ni wewe!"

Tulijificha nyuma ya posho mill, na hapo nyuma kulikuwa na kibao mpya ya kanjo, bado inanuka rangi. Nikaiangalia. Nikaona yai. Nikaona geti na mti katikati. Nikaona mabawa. Nikaona nyoka mwishoni. Nikashika Wairimu mkono. "Mama Wairimu, hapa mjini pia kuna shida ya mwewe?"

Wairimu aliangalia mpaka mwisho. Uso yake ikabadilika. "Mama Chebet," akasema polepole, "hapa mjini sijawahi kuona kuku."

Tukaenda kwa Mwalimu Beatrice. Alikuwa anafundisha shule ya ndani ya kampuni, mteja wetu, mpole, anaongea kama ananusa kila neno kabla ya kuitoa. Alikuwa na dikshonari kubwa, ngozi imetoka, meneja wa zamani aliiwacha. Nilimchorea ile maneno na kijiti kwa mchanga: yai, geti, mabawa, nyoka. Akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akatusomea, na mimi nikashika yote kichwani, juu kichwa ndiyo daftari yangu.

"Hii neno, Mama Chebet, inaweza kuwa mambo tofauti. Kwanza iko ile fupi ya Kizungu, hok, ndiyo mwewe. Arap Rono hajakosea sana, amesimama tu katikati ya neno. Halafu iko ingine inasemwa vivyo hivyo, maana yake ni kukohoa mpaka utoe kohozi."

"Basi hiyo kibao ni ya Arap Rono mwenyewe!" nikasema.

"Ngoja. Hii ya kwa geti ni hoka. Ni mtu anayetembea akiuza vitu." Akaweka kidole, akasoma polepole. "Hapa wanasema Waingereza waliichukua kwa watu wa huko upande wa Wajerumani, zamani sana. Hawana uhakika, lakini wanadhani ilitoka kwa neno ya kuinama. Ama kubeba mgongoni."

Wairimu alikuwa bado amesimama mlangoni na mzigo wake, kamba kwa kipaji, ameinama. Mwalimu akainua macho akamwona, akafunga kitabu.

Mimi nikauliza, "Na mwewe je? Yeye na hoka ni ndugu?"

"Hapana. Zinafanana kwa mdomo tu. Hakuna undugu."

Hiyo iliniuma kidogo. Nilikuwa nimeanza kufikiri ukoo yangu na kazi yangu zilikutana mahali. Lakini Wairimu njia yote ya kurudi alikuwa anacheka peke yake. "Kuinama," anasema. "Huko Uraya, Ujerumani, kuna mama arifungwa kamba hapa." Anaguza kipaji. "Ngai, ningemwona, ningemwambia aongeze gunia nyuma, isimkate."

Sasa shida ikaja. Tukijua, tufanye nini? Arap Rono akijua, geti inafungwa, na mimi shamba yangu imekwisha, na mtoto wangu Chebet alikuwa bado sekondari. Hiyo moja. Ya pili, Arap Rono mwenyewe. Miaka yote ametuingiza chini ya kibao inatukataza. Kampuni ikisikia, hiyo koti watamvua hapo hapo, na mzee alikuwa na watoto wengi kuliko vifungo. Nikamwambia Wairimu, tunyamaze.

Wairimu ni mtu wa kanisa, ile ya kufunga na kuomba. Alifikiri. "Mimi sisemi uongo," akasema. "Rakini hajaniuriza."

Basi tukaendelea. Hata nilizidisha. Nililetea Arap Rono mpira mpya wa manati. Nilimuuliza habari ya mwewe kabla sijamuuliza habari ya watoto. Na yeye alifurahi, ananionyesha kibao kila mara, "Iko hapo! Sheria ni sheria!" Mwalimu Beatrice akipita anakimbia na mkono kwa mdomo. Nikitoka, napindua beseni zangu moja moja, na Wairimu anasimama kando, ananiangalia nikipindua, midomo imefungwa. Mimi niliona kama mchezo. Yeye hakuona mchezo. Hiyo sikujua mpaka mwisho.

Mwisho ilikuja na kuku. Moja ya wale weupe ilipotea, ile kubwa, mama ya zote. Tulikuwa tunatoka, na siku hiyo meneja mwenyewe amesimama kwa geti na miguu yake. Alikuwa mtu wa Nairobi, siku zote anapita na gari vioo juu, akituona anafikiri sisi ni wake za wafanyakazi. Arap Rono akakimbia akanionyesha na fimbo.

"Pwana meneja, ni huyu! Huyu ni wa ukoo wa mwewe, amesema mwenyewe! Pintua peseni!"

Nikapindua. Matope ilikuwa imejaa, mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Beseni kwa matope, sufuria kwa matope, nguo za watu zimetawanyika, watu wa laini wanakuja kuangalia. Manyoya hakuna. Arap Rono akasema basi nimekula ndani.

Meneja akakunja uso. "Mwewe gani, mzee? Unaongea nini?"

Hapo nikaona vile itaenda. Arap Rono ataonyesha kibao, meneja atasoma, na atajua. Kichwa yangu ikakimbia. Nikipiga magoti niseme ni mimi, nimechukua kuku, nitalipa na beseni mbili, basi nitafukuzwa mimi peke yangu. Wairimu ataendelea kuingia, tutagawana. Arap Rono atabaki na koti yake, hata atasifiwa. Kuwa mwizi wa kuku si vizuri, lakini mtu anaweza kupona. Nikaweka goti chini, hii hii imenistaafisha. Nikasema, "Bwana meneja, nisamehe, hiyo kuku..."

Kabla sijawaambia Wairimu alisema nini, niwamalizie haya mengine, kwa sababu baada ya hiyo maneno hakuna kitu. Geti ilifungwa siku hiyo hiyo na hatukuingia tena. Tulikuja hapa Sosiot, tukatandika gunia chini ya ule ukuta, na nyinyi mmekaa hapo mpaka leo mnafikiri mahali iliota. Arap Rono hakufukuzwa. Meneja alicheka mpaka akashika geti, na mtu akicheka hivyo hawezi kufuta mtu kazi vizuri. Alipelekwa kulinda miche ya chai, mahali hakuna kibao. Mwaka mwingine alikuja hapa na ile koti yake akataka jagi. Niliangalia kwapa, nikaangalia matako, nikampa jagi mbili. Na kuku ilitoka chini ya chai wiki tatu baadaye, na vifaranga kumi na moja nyuma yake, inatembea kama mke wa chifu.

Sasa. Mimi niko na goti moja kwa matope, nasema hiyo kuku ni mimi. Wairimu akanishika hapa nyuma ya shingo, vile alinishika siku ya kwanza, akaniinua. Hakumwangalia meneja. Aliangalia Arap Rono, akaonyesha kibao, na sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Arap Rono, huyu si mwizi, na hapo hakuna ndenge. Hapo tumeandikwa sisi."